Pikapu Iliyougua Mdomoni mwa Masatu

Fundi Felisian wa Bunda ndiye aliyekuwa wa kwanza kuuliza, "Inaliaje?" Na Masatu, aliyekuwa amekuja kwa lori la pamba tangu alfajiri, akameza mate, akapanua miguu, akaanza kulia kama gari.

Alilia vizuri, tusimnyime haki yake. Ng'o, ng'o, ng'o, ng'o, huku kichwa kikitikisika na mate yakimruka. Vijana wawili waliokuwa wamelala chini ya lori wakajiburuta nje kutazama. Mwanamke aliyekuwa anapita na beseni la dagaa akalitua. Felisian akamwomba arudie, safari hii iwe gari linapanda mlima, na Masatu akapanda mlima hasa, mishipa ya shingo ikamtoka. Watu wakapiga makofi. Felisian peke yake hakupiga. Alifuta mikono kwa kitambaa chake cheusi kwa grisi, akamtazama Masatu kwa huruma, akamwambia kwamba hiyo imenoki, krenki imekwisha, injini haipo tena, pole sana.

Utauliza gari lenyewe lilikuwa wapi. Lilikuwa Butiama, uani kwa Marieta, dada yake Masatu, limefunikwa turubai. Ulikuwa mwaka wa themanini na sita. Dukani vitu vilikuwa vimeanza kurudi, mtu ukiwa nazo unapata sabuni ya kunukia na dawa ya meno yenye mistari, lakini petroli ilikuwa bado ya kibali, na kibali cha Masatu cha mwezi ule kilikauka siku ile ile mlio ulipoanza. Kwa hiyo gari haliwezi kwenda kwa fundi. Fundi naye haendi kwenye gari mpaka aje kuchukuliwa kwa gari, na gari la kwenda kumchukua ndilo hilo hilo lililo chini ya turubai. Ikabaki njia moja, mwenye gari aende akalie mwenyewe.

Akaenda Nyamuswa kwa fundi wa pili, akalia. Akarudi Musoma mjini kwa fundi wa tatu, mmoja aliyesifika kwa magari ya ofisi, akalia mbele ya makarani waliokuwa wanasubiri chai. Na kwa kuwa hofu ilikuwa imemwingia, kila alipoiiga, injini ilizidi kuugua. Nyamuswa aliongeza kupiga goti. Kwa fundi wa tatu alishaongeza na mguu kugonga sakafu, na mlio ukawa wa haraka na mzito kiasi kwamba karani mmoja aliuliza kama ni gari au ni mashine ya kupasua mawe. Mafundi wote watatu wakasema neno moja. Watu watatu wasiojuana wakisema neno moja, mtu wa kawaida anaamini, na Masatu alikuwa mtu wa kawaida kabisa.

* * *

Habari hiyo ilimfikia Machage, mfanyabiashara wa Bunda, kwa sababu siku ile Felisian alipouliza "Inaliaje?" Machage alikuwa kati ya waliopiga makofi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu anayejua kwamba kitu kilichokufa kina sehemu zinazoishi: matairi, viti, bodi, milango. Akatuma salamu kwamba yuko tayari kutoa ng'ombe sita kwa ile pikapu kama ilivyo, na Jumamosi atawaleta Butiama mwenyewe.

Masatu alirudi nyumbani Kamunyonge, mtaa wa Musoma, Alhamisi jioni na kuyaeleza hayo akiwa anakula. Alisema ng'ombe sita kwa mzoga si haba. Alisema atarudi kwenye baiskeli, kama zamani, asubuhi anachukua sato na sangara wa kutoka kisiwa cha Rukuba pale mwaloni, boti zinapotua, anakwenda vijiji vya karibu, anarudi. Eufrasia, mke wake, alimwongezea mchuzi. Alikuwa anamkumbuka baba yake. Baba yake hakumwachia shamba, alimwachia ng'ombe watatu, na ng'ombe hao waliuzwa wakaingia ndani ya ile pikapu pamoja na pamba ya misimu minne. Tangu hapo yeye na mumewe walipeleka samaki Butiama na Nyamuswa mara tatu kwa wiki, na nyumba ikapata bati. Na sasa anaambiwa habari ya baiskeli kati ya tonge na tonge.

"Umeshakubali?" aliuliza.

"Nimekubali. Mafundi watatu, mama Dafroza. Watatu." Na ili asionekane mtu wa kuuza mali ovyo, akasukuma sahani, akasimama, akauiga ule mlio mbele ya mke na watoto, pamoja na goti, pamoja na mguu.

Watoto walicheka mpaka Dafroza, mkubwa wao, akapaliwa na maji. Eufrasia hakucheka. Alisikiliza mpaka mwisho, akainamisha kichwa kidogo kama afanyavyo kazini. Kazi yake ya mchana ilikuwa kwenye mashine ya kusaga ya mtaani, mwaka wa tisa huo, na alikuwa anajua kwa sikio tu kama mkanda umelegea au kama kuna msumari umeingia na mahindi.

"Hailii hivyo," alisema.

Masatu akamwambia kwamba dereva ni yeye. Eufrasia akamjibu kwamba ni kweli, dereva ni yeye, lakini aliyekuwa amekaa pembeni miguu inaungua kutoka Musoma mpaka Butiama ni nani, na kwamba dereva muda wote alikuwa anapiga kelele "tumekwisha, tumekwisha", kwa hiyo injini hakuisikia, alijisikia mwenyewe. Hapo watoto wakaacha kucheka, maana waliona baba amekasirika. Masatu alisema kwamba haya ni mambo ya injini, si mambo ya unga, akaenda kulala. Alfajiri akaondoka kwenda Butiama kumngoja Machage, hakuaga ipasavyo.

* * *

Eufrasia naye alikasirika, na hasira yake ilikuwa ya aina ile inayofua nguo. Alifua hadi blanketi. Kisha akamwachia jirani zamu ya mashine, akajifunga kitenge kizuri, akateremka mjini kwa mzee Hamduni.

Hamduni alikuwa na kibanda chake karibu na mwalo. Alitengeneza injini za boti, cherehani, taa za karabai, na ile mashine ya unga ya Kamunyonge. Magari alikuwa akiyatengeneza zamani, kabla mafundi wa siku hizi hawajafungua karakana zenye mabango, na watu kama Masatu walikuwa wameshasahau hilo. Eufrasia alimkuta ametoka msikitini, bado ana kofia, na wavuvi wanne wamekaa kwenye benchi wakingojea boti yao. Akaamkia, akaitikiwa, akakaribishwa. Akaeleza shida yake yote. Hamduni akasikiliza, kisha akauliza swali ambalo Eufrasia alilijua linakuja na ambalo lilikuwa limemkosesha usingizi.

"Inaliaje, mwanangu?"

Mwanamume akilia kama gari, watu wanapiga makofi. Mwanamke mwenye watoto wanne, mwimbaji wa kwaya, akilia kama gari mbele ya wavuvi, mji mzima utajua kabla ya magharibi. Eufrasia akatazama lile benchi. Mvuvi mmoja alishaanza kutabasamu. Hamduni akaliona hilo. Akawaambia wale wanne wakaiangalie boti yao kama haijaondoka na maji, na walipokuwa wamesogea, yeye mwenyewe akageuza kiti, akampa Eufrasia mgongo, akatazama ukuta.

"Sikuoni," alisema. "Lia."

Eufrasia akavuta debe tupu karibu. Kwa mdomo akatoa mvumo wa injini, taratibu, inavyovuma ikiwa imesimama: vum-vum, vum-vum, vum-vum. Na kwa kifundo cha kidole akagonga debe, siyo kila mvumo, bali mmoja ndiyo, mmoja hapana. Vum-ko, vum, vum-ko, vum. Akaenda hivyo muda mrefu, aibu ikamtoka, akafumba macho kabisa, akawa yuko barabarani. Alipoongeza mwendo wa injini, kidole nacho kiliongeza, lakini hakikuupata mvumo, kilibaki nyuma nusu.

Hamduni hakugeuka. Alimwuliza kama mlio unazidi gari linapopanda mlima na mzigo. Eufrasia akasema hauzidi, unabaki ule ule. Akauliza kama mlima mrefu gari lilipata shida yoyote. Akasema ndiyo, lilikuwa linakata, linavuta, linakata, na hapo ndipo baba Dafroza alipoanza kusema tumekwisha.

"Na hilo la kukata aliwaambia mafundi?"

"Aliwalilia tu," alisema Eufrasia.

Sasa mzee akageuka, na alikuwa anacheka bila sauti, mabega yanapanda na kushuka. Alimweleza kwa lugha ya kawaida, kwa sababu mtu anayejua kitu vizuri hana haja ya kukutisha nacho. Ndani ya injini kuna shafti mbili. Ile kubwa ya chini, krenki, ikizunguka mara mbili, ndogo inazunguka mara moja. Krenki ikiumwa inagonga kila mzunguko, haipumziki, na ukiitwika mlima inapiga mayowe. Mlio unaoruka mzunguko mmoja ni wa shafti ndogo au wa kitu kinachosukumwa nayo. Na kinachosukumwa nayo, kikichoka gari likakosa petroli mlimani, ni kimoja.

"Pampu ya mafuta," alisema Hamduni. "Injini yenu haijafa. Ina njaa."

Eufrasia alikaa chini juu ya lile debe. Alitaka kulia machozi ya kweli sasa, akajizuia, akauliza Butiama basi la mwisho linaondoka saa ngapi. La siku ile lilikuwa limeshaondoka. Hamduni akasema watachukua la asubuhi, na kwamba ana lita tano za petroli alizolipwa na watu wa Rukuba badala ya pesa, naye amechoka kuzitazama.

* * *

Jumamosi walipoingia uani kwa Marieta, ng'ombe sita walikuwa wameshafika, wanakula majani ya viazi ya mwenye nyumba. Turubai limeondolewa. Machage amesimama na fimbo yake, Masatu amesimama mbele yake amevaa shati la kanisani, na majirani wameshakuja kushuhudia. Kwa watu wale, ng'ombe hajahesabika kuwa ametoka mpaka kamba yake ishikwe na anayepokea mbele ya mashahidi. Kamba ikishashikwa, hata ukilia damu hairudi. Machage alikuwa ameinyoosha, na mkono wa Masatu ulikuwa umeshatoka.

Eufrasia hakukimbia. Alimsalimia Machage kwanza, akamwuliza habari za Bunda, za mama, za watoto, za mifugo, na kwa kuwa mtu hawezi kuitikia salamu za watu wazima huku anatoa mali, kamba ikabidi irudi chini. Akamsalimia wifi yake Marieta. Akawasalimia majirani mmoja mmoja. Salamu zilipokwisha, alikuwa amesimama kati ya mumewe na wale ng'ombe.

"Kamba usiipokee bado," alimwambia.

"Umekuja kunitia aibu mbele za watu, mama Dafroza?"

"Nimekuja na fundi."

Masatu akamtazama mzee mwenye kofia na mfuko wa spana, akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, kumbe fundi mwenyewe ni wa mashine za unga. Hamduni akaitikia kwa adabu kwamba ndiyo, na za cherehani pia. Majirani wakacheka, na kwa bahati mbaya kwa Masatu hawakumcheka Hamduni.

Machage ndiye aliyeamua. Alisema yeye hana haraka, kwamba alikuja kununua maiti, na kama ni mgonjwa basi na ijulikane sasa, asije akaambiwa kesho kwamba aliwanyang'anya watu gari. Akakaa kwenye kiti alicholetewa. Tena, kusema kweli, alikuwa anapenda sana kutazama mambo ya namna hii.

Petroli ikamiminwa. Hamduni akamwomba Marieta mchi wa kinu. Marieta akautoa akidhani mzee anataka kutwanga kitu. Boneti ikafunguliwa, Masatu akaambiwa awashe, na pikapu ikakohoa mara tatu, ikawaka, na mlio ukaja. Ukaja taratibu, ukiruka mmoja mmoja. Mtu mmoja nyuma akasema mbona ni tofauti na alivyolia Bwana Masatu jana. Maana jana jioni, ndiyo, alikuwa amewalilia na hao.

Hamduni aliweka ncha ya mchi chini ya injini, ncha nyingine sikioni, akafumba macho. Akasogeza. Akasogeza tena. Kisha akamwita Masatu, akamshikisha mchi. "Sikiliza hapa chini kwanza. Usiseme kitu, sikiliza tu."

Masatu akasikiliza. Chini kulikuwa na mvumo laini, kitu kinachozunguka kwenye mafuta bila shida na mtu. Hamduni akaushika mchi akiwa bado sikioni mwa Masatu, akausogeza ubavuni, kwenye kidude kidogo kisichozidi ngumi. Masatu akaruka, maana kilimgonga ndani ya sikio: ko. Kikanyamaza. Ko. Akarudisha sikio. Akasikiliza muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kwa sababu alikuwa anaogopa kuinua uso. Alikuwa anaona aibu, aibu ya kweli, ya kutoka Bunda hadi Nyamuswa hadi kwa makarani wa Musoma.

Injini ikazimwa. Hamduni akafungua bolti mbili tu, pampu ikamjia kiganjani, na mkono wa pampu wa chuma, ule unaosukumwa na shafti, ulikuwa unacheza huku na huku kama jino la mtoto. Ndani kulikuwa na springi ya ukubwa wa kidole cha mwisho, imekatika vipande viwili. Mzee akaiweka kwenye kiganja akampa Machage aione, Machage akampa jirani, ikazunguka ua mzima. Marieta akauliza kama ni hiyo tu iliyokuwa inaua watu. Akajibiwa ni hiyo.

Springi mpya ingetafutwa Mwanza. Kwa siku hiyo Hamduni aliziba tundu la pampu kwa kipande cha bati na ngozi aliyoikata kwenye kiatu kibovu cha Marieta, akafunga bolti zake. Kisha akaimimina kwenye dumu petroli iliyobaki, akalipandisha juu ya kibanda cha dereva, akatoboa kifuniko, akateremsha mpira mwembamba hadi kwenye kabureta. Maji hushuka yenyewe, alisema, na petroli ni hivyo hivyo, haihitaji pampu kama imekaa juu. Akamwambia Eufrasia awashe. Eufrasia hakuwahi kuwasha gari maishani mwake, lakini mashine ya unga aliiwasha kila siku, akaingia, akazungusha ufunguo.

Injini ikawaka bila kugonga. Watu wakangoja ule mlio kwa mazoea, hawakuupata, wakaanza kutazamana. Masatu aliweka mikono miwili juu ya boneti akabaki hivyo, na alipogeuka macho yake yalikuwa mekundu, akasema ni moshi, ingawa moshi ulikuwa unatokea upande wa pili.

Machage alinyanyuka. Akalizunguka gari, akapiga teke tairi moja, akalipiga tena. "Ng'ombe tisa," alisema. Majirani wakaguna. Akatazama kundi lake, akatazama gari, akasema, "Basi kumi. Wanne waliobaki nitawatuma Jumatatu."

Kumi ni wengi. Kumi, kwa mtu aliyekuwa anapokea sita nusu saa iliyopita, ni kitu cha kumsahaulisha baiskeli. Masatu akawatazama wale sita kwenye viazi. Alimgeukia mke wake, aliyekuwa bado amekaa nyuma ya usukani ameushika kwa mikono yote miwili, akamwuliza kwa macho. Eufrasia akatikisa kichwa mara moja tu. Masatu akamshukuru Machage kwa usumbufu wake, akamwomba msamaha, akamwambia gari halipo sokoni. Machage akacheka, akasema alijua tangu zile salamu zilipokuwa ndefu. Akala wali wa Marieta, akawaondoa ng'ombe wake kwenye viazi.

* * *

Walirudi Musoma mchana ule ule. Hamduni aliendesha, kwa sababu alitaka kuisikiliza njia nzima. Eufrasia alikaa mbele pembeni yake. Dumu la petroli juu ya paa lilihitaji mtu wa kulishika lisianguke na wa kuuangalia ule mpira usichomoke, na mtu huyo hakuwa mwingine. Masatu alisimama nyuma kwenye bodi, shati la kanisani limejaa vumbi, amelikumbatia dumu kwa mikono miwili, upepo unampiga usoni.

Kwenye njia panda ya barabara kubwa walisimama kumpisha mchungaji na mbuzi wake. Wauza samaki kadhaa wa baiskeli walikuwa wamepumzika pale, watu anaojuana nao, walioshasikia habari yote ya kifo cha injini, na wawili kati yao walikuwa wamewahi kumsikia akiuiga mlio wake. Wakamzunguka. Mmoja akamwuliza kwa sauti kubwa kama ameshauza, na kama ameshauza, mbona amepakiwa nyuma kama mzigo.

Siku nyingine yoyote Masatu angetafuta uongo, na angeupata. Alilikumbatia dumu vizuri zaidi.

"Sikuuza," alisema. "Nilikuwa nauza, mke wangu akanikatalia."

Walicheka mpaka mbuzi wakakimbia. Masatu naye akacheka. Kisha, alipoona yule wa mwisho hakusikia vizuri kwa ajili ya kicheko, akainama juu ya dumu akamrudia kwa sauti ya juu zaidi, neno kwa neno, ili hata aliyekaa mbele asikie.